Sura ya Sita: Anayejibia Waya wa Ukutani

Mkandarasi anayetaka zabuni ya kuweka umeme katika jengo la umma nchini Burundi, tuseme madarasa mapya ya shule kule Bukirasazi, mkoani Gitega, huanza kwa kukusanya karatasi. Anahitaji namba ya mlipa kodi, NIF, kutoka OBR, mamlaka ya mapato. Anahitaji usajili wa biashara. Anahitaji hati ya OBR inayosema hadaiwi kodi, na hati ya INSS inayosema michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wake imelipwa. Juu ya hizo huweka dhamana ya zabuni, orodha ya kazi alizokwisha kufanya, na diploma za watu atakaowapeleka kazini. Utaratibu huo umetokana na sheria ya manunuzi ya umma ya 2008, iliyorekebishwa 2018, na una maana yake. Tangu serikali ianze kuipa kila komini faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya maendeleo, fedha nyingi za ujenzi zinapita mikononi mwa watu ambao jana hawakuwa na bajeti ya kujenga hata choo cha soko. Lazima ijulikane nani amezichukua na kwa kazi gani.

Sasa toka kwenye uzio wa shule uvuke barabara. Nyumba ya pili ni ya mtu binafsi, amevuta umeme kwa fedha ya kahawa. Hapo hakuna zabuni. Kuna mwenye nyumba, kuna rola mbili za waya, na kuna fundi aliyeletwa na shemeji kwa sababu aliwahi kuweka taa kwa jirani ikawaka. Kazi inaanza asubuhi. Saa kumi jioni mama mwenye nyumba anauliza, "Fundi, leo tutawasha?" Fundi anajibu, "Leo leo, mama." Na kweli zinawaka.

Karatasi za yule wa shule zinatuambia analipa kodi, na hazimzuii kutuma kibarua asiyejua kitu mara tu zabuni ikishatoka. Huyu wa nyumbani hana karatasi yoyote. Sura hii inahusu hati ambayo wote wawili wangepaswa kuwa nayo, leseni ya ufundi umeme, na inauliza hati hiyo ifananeje ili imsaidie mama aliyeuliza swali lile saa kumi jioni.

*

Tuanze na sababu, maana leseni isiyo na sababu ni kodi tu kwa jina lingine. Seremala akikutengenezea mlango mbovu utajua siku hiyohiyo: hauingii kwenye fremu, au unakwaruza sakafu. Kazi ya umeme iliyo mbovu huwasha taa sawasawa na kazi nzuri. Mwenye nyumba hana namna ya kutofautisha, na hata fundi mwenzake akiingia chumbani hataona kitu mpaka afungue soketi. Taa ikiwaka inathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme umefika. Haisemi lolote kuhusu njia utakayopita siku mambo yatakapoharibika.

Chukua kiungo cha waya. Fundi ameishiwa waya katikati ya ukuta, amechuna ncha mbili, amezisokota kwa vidole, amezungushia utepe na kupiga plasta juu. Kiungo hicho kikiwa legevu kinaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu. Mama akichomeka jiko dogo na pasi kwa pamoja, ampea 10 zinapita. Zidisha: ampea 10 mara ampea 10 mara nusu, unapata wati 50. Joto la wati 50 limekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole, limezungukwa na plastiki na mbao za dari. Shika balbu ya zamani ya wati 60 iliyowaka dakika tano, utaelewa ninachosema. Breka ya ampea 16 iliyo kwenye bodi haitakata, kwa kuwa inaona ampea 10 tu, na ampea 10 ni halali yake. Kila kitu kiko sawa kwa mujibu wa breka, na dari inaungua.

Chukua ethi. Mafundi wengi wa vijijini wanajua kwamba nyumba inatakiwa kuwa na nondo ya ethi ardhini, na wengine huipigilia kwa bidii. Lakini udongo wa mlimani wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, hukauka, na nondo moja fupi inaweza ikapata ukinzani wa omu 50 au zaidi. Tuseme waya wa moto umegusa bati la jokofu. Volti 220 gawanya kwa 50 ni ampea 4.4. Breka ya ampea 16 haishtuki. Bati la jokofu linabaki na umeme, linangoja mtoto aliyetoka kuoga. Ndiyo maana nyumba yenye nondo yake yenyewe inahitaji pia ile breka inayohisi umeme unaovuja, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita diferansieli, inayokata mvujo ukifika miliampea 30. Ethi bila diferansieli ni nusu ya kazi. Jambo hili halijulikani kwa kipaji wala kwa miaka mingi ya kuweka taa. Ni lazima mtu afundishwe, kisha apimwe kama amelishika.

Halafu kuna umbali. Burundi haina vijiji vya kukaa pamoja kama tunavyovijua Tanzania; watu wameenea milimani, kila rugo, yaani boma la familia, na shamba lake, na nguzo ya mwisho inaweza kuwa mbali na mlango wako. Jirani mwenye mita anampa jirani asiye nayo waya unaopita juu ya migomba, mita 100, waya wa milimita za mraba 1.5 uliokusudiwa taa za chumbani. Kwenda na kurudi ni mita 200 za shaba nyembamba, ukinzani wake unazidi omu mbili. Ukivuta ampea 10, volti 23 hivi zinapotelea njiani. Taa inafifia, mota ya mashine ya kusaga inaunguruma bila kuzunguka hadi inaungua, na mwenye mashine analaumu umeme wa Regideso, shirika la umeme la nchi. Mita ya Cash Power, ile ya kulipia kabla, kule kwa jirani inahesabu tu. Haina habari ya kilichoko mbele yake.

Nimekaa kwenye hesabu hizi kwa makusudi. Watu wakisikia habari ya leseni hufikiria ofisi, foleni na muhuri. Leseni inaanzia kwenye nusu omu ile.

*

Gitega wana kumbukumbu yao. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, moto uliwaka katika gereza kuu la mji huo, ambao wakati huo ulikuwa na karibu miaka mitatu tangu ufanywe makao makuu ya kisiasa ya nchi. Gereza lilijengwa kwa ajili ya watu 400. Siku ile lilikuwa na zaidi ya 1,500. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza alifika asubuhi na kutangaza vifo 38 na majeruhi mahututi 69. Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Mwezi Agosti mwaka uleule moto mwingine ulikuwa umewaka katika gereza hilohilo, nao ukaelezwa hivyohivyo.

"Shoti ya umeme" ni maneno yanayofunga mjadala Afrika Mashariki yote. Soko likiungua ni shoti. Bweni likiungua ni shoti. Watu huitikia kwa kichwa kana kwamba wameambiwa ni radi. Lakini shoti hutokea mahali fulani, kwenye waya fulani uliofungwa na mkono fulani, na mbele ya waya huo kulikuwa au hakukuwa na breka ya kiasi kinachofaa. Shoti yenyewe, ikiwa ulinzi umewekwa sawa, huisha kabla hujapepesa jicho: breka inaruka, giza linaingia, basi. Ili shoti iwe moto ni lazima kuwe na kitu kingine kilichoshindwa kabla yake. Kwa hiyo swali linalofuata baada ya neno "shoti" linapaswa kuwa: nani alifanya wayaringi ile, nani aliikagua, na iliandikwa wapi? Sehemu nyingi za ukanda wetu swali hilo halina wa kulijibu. Nyumba ina hati ya kiwanja, ina risiti za saruji, na haina karatasi hata moja yenye jina la aliyeweka umeme.

*

Jambo hili si geni duniani. London ilianza kuuziwa umeme majumbani miaka ya 1880, na walioshtuka wa kwanza walikuwa watu wa bima ya moto, kwa kuwa wao ndio waliolipa. Mwaka 1882 Musgrave Heaphy wa Phoenix Fire Office aliandika masharti ya namna ya kufunga umeme, na mwaka huohuo chama cha wahandisi wa umeme kikatoa kanuni zake za kuzuia hatari ya moto. Kanuni hizo zimeandikwa upya mara nyingi, na damu yake imo katika vitabu vya mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam hadi leo.

Tangu hapo nchi zimepita njia mbili. Njia ya kwanza humpima mtu: fundi anafanyiwa usaili, anapewa leseni yenye daraja, na kazi yoyote ya daraja hilo anaruhusiwa kuifanya na kuitia saini. Njia ya pili huipima kazi: afunge yeyote, lakini umeme hauwashwi mpaka mkaguzi asiye na maslahi aje na vipimo vyake aseme ndiyo. Ubelgiji, iliyoitawala Burundi tangu Vita ya Kwanza hadi 1962, imeshika njia ya pili. Tangu kanuni zake za umeme za 1981, nyumba mpya inatakiwa ikaguliwe na shirika lililoidhinishwa kabla ya kuwashwa, kisha irudiwe kila baada ya miaka 25. Mbelgiji anaweza kujifungia nyumba yake mwenyewe. Ila akishindwa ukaguzi, anafumua. Ufaransa nayo ilianzisha Consuel, chombo cha ukaguzi, mwaka 1964, na tangu amri ya 1972 nyumba mpya haiunganishwi bila cheti cha kuonyesha wayaringi imekidhi kanuni.

Makoloni ya Mwingereza yakaenda njia ya kwanza. Tanzania chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, mwenye mamlaka ni EWURA. Leseni za ufungaji zina madaraja A, B, C na D, na pembeni yake W na S. Daraja A halina mpaka wa volti, na kadiri unavyoshuka ndivyo ukubwa wa kazi unavyopungua, hadi fundi wa nyumba ndogo za kawaida. Mwombaji huonyesha vyeti vyake na uzoefu wake, husailiwa, na leseni ina muda wake wa kwisha. Anayetaka kuchukua kazi kama kampuni ya ukandarasi husajiliwa pia na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997, ambako wakandarasi wa umeme wana madaraja yao. Nayo TANESCO haiungi nyumba mpya mpaka mteja alete fomu iliyojazwa na mkandarasi mwenye leseni, ikiwa na mchoro wa wayaringi na muhuri.

Kenya imeongeza kitu ambacho mimi nakipenda. Sheria yao ya Nishati ya 2019, chini ya EPRA, inamtenga mfanyakazi wa umeme na mkandarasi wa umeme. Wa kwanza ni mtu mwenye ujuzi, kuanzia C2 anayeshughulika na nyumba za fezi moja mpaka A1 asiye na mpaka. Wa pili ni biashara, na biashara haipati leseni mpaka iwe na mtu wa daraja linalolingana na kazi inazotaka kuchukua. Kwa hiyo mwenye mtaji asiyejua waya wa moto na nyutro anaweza kuwa mkandarasi, ila hawezi kuwa mkandarasi peke yake. Uganda kuna ERA na vibali vyake, Rwanda kuna RURA. Ukizunguka Burundi upande wa mashariki na kaskazini, kila jirani ameamua kumpima mtu.

Udhaifu wa njia hii unajulikana na kila aliyejenga Dar es Salaam. Kuna vishoka, wale wanaozunguka mitaani wakijifanya watu wa shirika la umeme au mafundi wenye leseni. Hao angalau ni wahalifu wa wazi. Kibaya zaidi ni muhuri wa kukodi: fundi asiye na leseni anafunga nyumba, kisha anampelekea mwenye leseni fomu na kitu kidogo, muhuri unagongwa na mtu ambaye hajawahi kuikanyaga nyumba hiyo. Karatasi zote ziko sahihi. Shirika la umeme linaunga. Kile kiungo cha nusu omu bado kimo darini, sasa kikiwa na baraka za dola. Leseni ya namna hiyo naiona ni mbaya kuliko kukosa leseni, maana inamwondolea mwenye nyumba hata ile hofu ambayo ingemfanya aulize.

Njia ya pili nayo ina gharama yake. Mkaguzi anatakiwa afike. Ubelgiji ni nchi ndogo yenye barabara za lami hadi mlangoni. Burundi ni ndogo vilevile, lakini mlima wa Bukirasazi wakati wa masika haufikiki na gari la ofisi kwa ratiba ya ofisi.

*

Kwa nini niichague Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, badala ya Bujumbura yenye magorofa na mitambo? Kwa sababu Bujumbura imechelewa. Waya uliokwisha kufukiwa katika mitaa yake ya Buyenzi na Rohero umefukiwa. Kuufumua ni kuvunja nyumba za watu. Milimani kuta bado hazina kitu. Kati ya Warundi kumi, aliye na umeme ni kama mmoja tu. Nchi nyingi tajiri zililazimika kuandika kanuni zao wakati nyumba zimekwisha kufungwa vibaya, zikatumia vizazi viwili kurekebisha. Burundi ina nafasi ya kuanza na ukuta mtupu, na nafasi hiyo ina mwisho wake.

Mwisho huo unakaribia kwa kasi. Kwa miaka mingi nchi iliishi kwa umeme wa Rwegura, megawati 18 tangu 1986, na Mugere, megawati 8, pamoja na mgao wake wa mto Ruzizi. Kisha katika miaka michache mambo yakabadilika. Oktoba 2021 mtambo wa jua wa Mubuga, megawati 7.5, ulizinduliwa ndani ya mkoa huohuo wa Gitega. Maporomoko ya Rusumo yakaanza kutoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Jiji na Mulembwe kusini, pamoja, zimejengwa kutoa megawati 49.5. Sheria ya 2015 ilikuwa imekwisha fungua mlango kwa wazalishaji binafsi, kuna AREEN ya kusimamia sekta na ABER ya kupeleka umeme vijijini, na Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 100 mwaka 2020 kwa mradi wa umeme wa jua wa Soleil-Nyakiriza, unaolenga shule, vituo vya afya na kaya za mashambani. Megawati hizo zote haziishii kwenye nguzo. Zitaingia nyumbani kwa watu, na mlango wa kuingilia ni fundi aliyeletwa na shemeji.

Sera za umeme, hata zile nzuri, hupenda kuhesabu nyaya za nje: kilomita za laini, idadi ya transfoma, kaya zilizounganishwa. Mita ndiyo mpaka wa hesabu zao. Kilichoko ng'ambo ya mita kinaitwa cha mwenye nyumba, kana kwamba mwenye nyumba alisomea.

*

Ningeulizwa leseni ya kule iweje, ningeanza chini kabisa, kwenye daraja dogo kuliko yote: fezi moja, nyumba ya vyumba vinne au vitano, breka kuu isiyozidi ampea 30 hivi. Hilo ndilo daraja litakalofunga nyumba nyingi kuliko madaraja mengine yote yakijumlishwa, na ndilo linalosahaulika sheria zinapoandikwa na wahandisi. Sharti lake likiwa diploma ya A2 ya ufundi umeme, basi tumekwisha waambia mafundi wengi wa mlimani waendelee gizani. Wenye A2 kutoka shule kama ETS ya Kamenge ni mafundi wazuri, na hawarudi Bukirasazi kufunga taa tatu. Wanaajiriwa mijini, au wanavuka mpaka.

Tanzania wamepata dawa ya tatizo hili ambayo haijasifiwa vya kutosha. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunza kazi mtaani bila kukaa darasani, huwasahihisha pale wanapokosea, kisha huwapa cheti cha ujuzi walionao. Mtu aliyejifunza kwa kaka yake kwa miaka minane anaingia kwenye mfumo bila kujifanya kijana wa sekondari. Jambo hilo likifanyika Gitega kwa Kirundi, mbele ya ubao wenye bodi ya breka, soketi na nondo ya ethi halisi, utajua ndani ya asubuhi moja nani anajua na nani anabahatisha. Mpe waya za milimita 1.5 na 2.5 uone ipi anaipeleka kwenye soketi. Mwambie apime insulesheni kwa chombo kiitwacho mega, volti 500, asome namba, akueleze kwa nini chini ya megaomu moja haruhusiwi kuwasha. Ukiona mtu anashika testa ya bisibisi badala ya mega na kusema "umeme upo", umeshapata jibu.

Mega yenyewe ni kikwazo, na hapa ndipo leseni nyingi zinapokuwa za karatasi tu. Chombo hicho pamoja na kile cha kupimia ethi vinazidi mapato ya miezi kadhaa ya fundi mdogo. Kumtaka kila mmoja anunue ni kumfukuza. Komini inaweza kununua seti moja ikaiweka kwenye ofisi yake na kuiazima kwa mwenye leseni kwa siku moja, kwa sahihi. Gharama hiyo ukiiweka kando ya fedha za maendeleo za komini za kila mwaka haionekani. Na daftari la kuazimia lingekuwa, bila nguvu ya ziada, daftari la nyumba zilizopimwa: tarehe, mlima, jina la fundi, namba iliyosomwa.

Daftari hilo ndilo ninaloling'ang'ania kuliko muhuri. Muhuri unakodishwa kwa kuwa haudai kitu kingine. Namba ya ethi na namba ya insulesheni zikitakiwa kuandikwa nyumba kwa nyumba, mwongo atalazimika kubuni namba, na mkaguzi mmoja wa mkoa anaweza kuchagua nyumba chache bila kutoa taarifa, akapima tena. Hahitaji kufika kila mlima. Anahitaji tu fundi asijue ni mlima gani utakaofuata. Hivyo njia ya Mwingereza na ya Mbelgiji zinakutana: mtu amepimwa kabla, na sehemu ya kazi zake inapimwa baadaye.

Kuna la mpakani pia. Waya mwingi, swichi na breka vinavyouzwa Gitega hupita Kobero na Muyinga vikitoka Tanzania, na pamoja na bidhaa nzuri hupita waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, mwepesi mkononi, unaong'aa dukani na kukatika ukiukunja mara chache. Fundi mwenye leseni ya kupoteza ana sababu ya kuukataa waya huo mbele ya mwenye nyumba. Asiye na cha kupoteza atanunua ulio rahisi, na tofauti ya bei itabaki kwake.

Mafundi nao wanapita mpaka huohuo, kwenda na kurudi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kazi Julai 2010. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitafutiwa makubaliano ya kutambuana vyeti nchi kwa nchi. Fundi umeme hakufikiriwa. Kijana wa Muyinga akivuka kwenda Ngara na ujuzi wake wote anakuwa kishoka kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, na Mtanzania wa daraja C akija Gitega, daraja lake halisomeki kwa lugha ya utawala wa kule. Siku Burundi itakapoandika madaraja yake, iyaandike yakilingana na ya majirani tangu mwanzo, herufi kwa herufi ikiwezekana, ili daraja la fezi moja la Gitega lieleweke Ngara na Kigoma za Tanzania na Kirehe ya Rwanda.

Ramani ya utawala imebadilika: kwa sheria ya 2023 mikoa 18 imekuwa 5 na komini 119 zimekuwa 42, na ofisi nyingi zimehamia mbali na watu waliozizoea. Kama leseni itatolewa makao makuu ya mkoa peke yake, fundi wa Bukirasazi atapoteza siku nzima na nauli kwa kila karatasi, na atahesabu kama inamfaa. Wasaili wamfuate, mara mbili kwa mwaka, na ubao wao ndani ya gari. Ada iwe ndogo kiasi cha kulipika kwa malipo ya nyumba moja. Na hati atakayopewa iwe na picha, daraja na namba, ya ukubwa wa kitambulisho, ili yule mama aweze kuiomba na kuisoma kabla rola ya kwanza ya waya haijafunguliwa.